Sikio la Kushoto

Mama yule aliingia chumba cha kupimia akiwa na matope hadi magotini. Alikuwa ametoka upande wa msituni, juu ya Naro Moru, na mvua ilikuwa imemnyeshea njia nzima. Mimba yake ilikuwa kubwa, imebakiza wiki chache. Nilimsaidia kupanda kitandani, nikamfunika miguu kwa blanketi, nikaanza kumpapasa tumbo kama nilivyofanya kwa kila mama aliyepita pale.

Nilikuwa mkunga katika kituo kidogo cha afya kando ya barabara ya kwenda Nanyuki. Miaka ya uhuru ilikuwa bado michanga. Jengo letu lilikuwa la harambee, kuta za mawe, paa la bati, na asubuhi baridi ya mlima iliingia humo ikakaa hadi saa tano. Kazi yangu niliipenda. Chombo nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa pembe yetu ya mbao, kijibomba chenye mdomo mpana upande mmoja na kisahani cha kuwekea sikio upande wa pili. Unaiweka juu ya tumbo, unainama, unaondoa mkono, na unasikia moyo wa mtoto ukienda mbio huko ndani.

Nilijua kichwa cha mtoto kiko wapi na mgongo uko wapi. Nikaweka pembe mahali pake, nikainama na sikio la kushoto, uso nimeuelekeza miguuni mwa mama kama tulivyofundishwa.

Sikusikia kitu.

Nikahamisha pembe kidogo, nikashikilia pumzi. Kimya. Nikajaribu upande wa pili, chini ya kitovu, juu ya kitovu. Kimya kile hakikuwa kama cha chumba kisicho na watu. Kilikuwa kizito, kama mtu ameniziba kwa kiganja.

"Sista," mama akasema. "Mbona unarudia rudia?"

"Mtoto amegeuka geuka leo," nikamjibu. "Hebu lala hivyo hivyo."

Nilimwona akinitazama. Mama mjamzito husoma uso wa mkunga kama msafiri anavyosoma mawingu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amempoteza mwaka uliotangulia, alizaliwa bila kulia, na mimi nilikuwepo.

"Amecheza leo?" nikauliza.

"Jana jioni alicheza. Leo nilikuwa natembea tu, sikuangalia." Akainuka kwa kiwiko. "Sista, niambie ukweli. Mtoto yuko?"

Nilienda mlangoni nikamwita mwenzangu, mkunga aliyenizidi umri, mwanamke wa Meru mwenye sauti ya upole. Nilimwambia, "Njoo unisaidie kusikiliza," na nadhani sauti yangu ilimweleza mengine yote, maana aliacha alichokuwa anafanya na kuja upesi.

Aliinama. Niliangalia kisogo chake. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno ya kumwambia mama yule, na hakuna hata neno moja lililotaka kukaa karibu na lingine.

"Huyu hapa," mwenzangu akasema, bila kuinua kichwa. "Yuko sawa kabisa. Anakimbia kama farasi."

Mama akaanza kulia. Mimi nikachukua pembe, nikazunguka upande wa pili wa kitanda, na safari hii nikaweka sikio la kulia. Moyo wa mtoto ulikuwa pale pale nilipokuwa nimeutafuta, unagonga haraka haraka, wazi kabisa. Nikarudisha la kushoto. Ukatoweka.

Nilifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini kabla mama hajamaliza kujifuta machozi, hofu yangu ilikuwa imeshahama kutoka kwa mtoto na kuja kwangu.

Baba yangu alikuwa kiziwi. Alifanya kazi ya kuvunja mawe karibu na Murang'a, na masikio yake yalikwisha polepole, kwanza moja, kisha la pili. Wengine walisema ni baruti. Wengine walisema ni damu ya ukoo, kwa sababu shangazi yake pia alikufa hasikii na hakuwahi kukaribia machimbo ya mawe. Nilikua nikimwona baba akikaa kwenye mikutano ya familia akitabasamu watu wanapotabasamu. Alikuwa mtu wa hadithi, na mwishowe akawa mtu wa kutikisa kichwa. Sasa nilijiona mimi kwenye kiti chake. Na mkunga asiyesikia ni mkunga gani? Nilijua wangenihamishia chumba cha kufulia mashuka.

Nyumbani nilichukua saa ya mkono ya mume wangu nikaiweka kwenye sikio la kulia. Ta-ta-ta-ta. Nikaiweka kushoto. Hakuna. Nikaibana hadi ikaniumiza.

"Unaisikiliza saa au unaitafuna?" mume wangu akauliza. Alikuwa mwalimu, na alipenda mzaha.

Nikamwambia. Mzaha ukamwisha. Akaniinamisha karibu na dirisha, akachungulia, akasema anaona kitu cheusi. "Lete njiti ya kiberiti na pamba, nikutolee."

"Usiniguse," nikasema.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshajigusa mwenyewe. Tangu utoto nilikuwa na desturi ya kuchokoa masikio kwa pini ya nywele kila nikitoka kuoga. Mama yangu alifanya hivyo, dada zangu walifanya hivyo, na kwetu msichana mwenye nta sikioni alionekana hajui kuoga. Jioni ile, kabla ya kumwambia mume wangu, nilikuwa nimeingiza pini mara kadhaa. Ilitoka na chembe kidogo tu, na ndani nikabaki na maumivu na mlio mwembamba kama wa mbu.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa na dawa yake. "Mafuta ya moto na maji ya kitunguu," akasema. "Moto kweli kweli, ili ipenye. Ndugu yangu alitiwa hivyo."

"Akapona?"

Alifikiri kidogo. "Aliacha kulalamika," akasema.

Nikaendelea na kazi kwa kutumia sikio la kulia, nikizunguka kitanda kila mara kama mgeni. Kila asubuhi nilipoamka jambo la kwanza lilikuwa kusugua vidole karibu na sikio hilo zima kuhakikisha bado linasikia. Mwenzangu wa Meru aliniona nikifanya hivyo nikiwa nimesimama mbele ya kabati la dawa.

"Ati unaficha nini?" akaniuliza. "Umewahi kumwambia mama mwenye uvimbe akae nao nyumbani akiomba?"

"Na wakiniambia ni uziwi?"

"Basi utakuwa umeambiwa. Nenda Nyeri. Kesho mimi nitakaa hapa."

Nikaenda. Huko nilimkuta tabibu wa masikio, mzee kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Sikumwambia kazi yangu. Aliniuliza kama sikio limewahi kutoa usaha, kama nimewahi kutobolewa kiwambo cha sikio au kupigwa kofi zito, kama kuna kizunguzungu. Nikasema hapana kwa yote. Akavuta sikio langu juu na nyuma, akaangalia kwa kijitaa chake. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikimwona baba.

"Wewe unachokoa," akasema.

Nikafumbua macho.

"Kwa pini au kwa njiti?"

"Pini."

"Nta haikukukosea kitu, mama. Inatoka yenyewe ikiachwa. Wewe umeisukuma ndani na kuishindilia kama mtu anayeshindilia udongo kwenye shimo la nguzo. Imekuwa kizibo. Na hapa pembeni umejikwaruza."

"Siyo uziwi?"

"Kizibo kikitoka ndipo nitajua. Siwezi kuona nyuma ya ukuta."

Nilitaka aseme hapana, siyo uziwi. Hakusema. Nikamwomba akitoe palepale. Akakataa. Kilikuwa kigumu kama jiwe, na kukilazimisha kungenijeruhi. Akaniambia ninunue mafuta ya zeituni katika duka la dawa, nilale ubavu, nitie matone machache asubuhi na jioni, nitulie kidogo kabla ya kuinuka, kisha nirudi wiki ijayo. Mafuta yawe na uvuguvugu wa mwili tu. Pini, njiti, ufunguo, unyoya wa kuku, vyote nisahau. Sikio likiuma sana au likitoa maji machafu, niache mafuta nirudi mara moja.

"Na usishangae ukisikia vibaya zaidi kwanza," akasema nikiwa mlangoni.

Sentensi hiyo niliisikia lakini sikuishika. Siku ya pili ya mafuta nilibaki na kelele ya maji kichwani, na siku ya tatu sikio lilikufa kabisa. Hata ule mlio wa mbu ulizimika. Sauti yangu mwenyewe ilivuma ndani ya fuvu kama naongea ndani ya pipa. Niliketi kitandani, mchana mweupe, nikiwa na pini ya nywele mkononi. Nilijiambia nitaingiza kidogo tu, nilegeze ukingo. Nilikuwa mkunga, mikono yangu ilikuwa imefunzwa, nani angejua kuingiza kwa uangalifu kuliko mimi?

Mama mkwe alifungua mlango akaniona. Sikumsikia akiingia. Alinishika kifundo cha mkono, akaichukua ile pini, akaitia ndani ya kitambaa chake cha kichwa.

"Yule mtu wa Nyeri alisema nini?" akauliza, akinikaribia upande wa kulia.

"Alisema nisichokoe."

"Basi lala hapa."

Akakaa kitandani, nikaweka kichwa pajani pake. Alichovya kichupa cha mafuta ndani ya kikombe cha maji vuguvugu, akasubiri, akadondosha tone moja kwenye kifundo cha mkono wake kama anapima maziwa ya mtoto. Kwa sikio lililolalia paja lake nikamsikia akinung'unika kwamba hayana moto wowote, hayawezi kusaidia mtu. Lakini alinitilia hivyo hivyo, na tangu siku hiyo kazi hiyo ikawa yake.

Kisha yule mama wa matope akaletwa akiwa na uchungu wa kuzaa. Ilikuwa alasiri, na sikio langu lilikuwa katika hali yake mbaya kabisa. Nilimwambia mwenzangu waziwazi, "Wewe sikiliza, mimi nitapokea." Kila baada ya uchungu aliinama na pembe, akanipa ishara kwa kidole: yuko, yuko bado. Mara moja alikaa ameinama muda mrefu bila kuinua kidole. Mama akageuza macho kwangu. Nikamshika mkono, huku nikimtazama mwenzangu kama mama alivyokuwa ananitazama mimi. Halafu kidole kikainuka. Moyo ulikuwa umepungua mwendo, kisha ukarudi. Tukamgeuza mama ubavu, na kabla jua halijazama akajifungua mtoto wa kike aliyefungua kinywa mara tu alipotoka na kupiga kelele. Mama akamkumbatia akisema, "Analia, sista, huyu analia." Nilimsikia kwa upande mmoja, na ulinitosha.

Niliporudi Nyeri tabibu alinifunga taulo begani, akanipa kibeseni nikishike chini ya sikio. Alichovya kidole ndani ya maji ya kuoshea kabla ya kuyavuta kwa bomba lake la shaba. Yakiwa baridi au moto, alisema, dunia itazunguka utapike. Akaelekeza maji juu kidogo, taratibu. Nilihisi mngurumo kama mto wa Sagana umeingizwa kichwani. Maji yakarudi safi. Akarudia. Safi tena. Nikafikiri hakuna kizibo, ni uziwi wa baba tu.

Alipofanya tena kitu kiliachia. Kilitumbukia kibesenini, cheusi, kirefu kama punje ya maharagwe iliyolowekwa, na papo hapo nikasikia kiti chake kikilalamika chini yake. Nikasikia mtu akiburuta ndoo kwenye korido. Nikasikia tone la maji likidondoka kutoka sikioni mwangu hadi kwenye kibeseni, na tone hilo lilinifanya nilie.

Aliangalia kwa kijitaa. "Kiwambo ni kizima," akasema. Akanong'ona maneno nyuma yangu, mji mmoja mmoja: Karatina, Sagana, Murang'a. Nikayarudia yote. "Huna uziwi, mama. Ulikuwa na mlango uliofungwa."

Sikutulia siku ile, wala wiki ile. Kila sauti ilikuwa kubwa mno. Sokoni Naro Moru niliruka mtu alipoangusha debe. Usingizini sikusikia lolote, lakini mara tu nilipoamka nilikuwa nasugua vidole vyangu, kushoto kisha kulia, nikihakikisha. Hata mafua yakiniziba kidogo, moyo ulinienda mbio.

Nyumbani, siku niliyotoka Nyeri, niliwaita watoto waje kula. Walikuja mbio wote, wakasimama mlangoni wakinitazama. Mdogo akamgeukia baba yake.

"Mama ameacha kunong'ona," akasema.

Nikamtazama mume wangu. Akaniambia kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa naongea chini chini hata ilibidi wanisogelee ndipo wanisikie, na wao walidhani nimewakasirikia. Hawakutaka kuniuliza. Kumbe sauti yangu ilivyonivumia kichwani, niliiona kubwa nikaishusha. Mama mkwe alikuwa anapakua. Akanisukumia sahani, akasema chakula kinapoa.