Kulirudisha Jina la Kasamba

Nani Kalemie nzima hakumjua babu yangu Kasamba? Labda yule ambaye hakuwahi kukaa karibu na mimi. Mwaka ule serikali ya Zaïre ilipokataza majina ya kizungu, wengine walihangaika kutafuta ya mababu. Mimi nilitaja langu kabla karani hajaniuliza. Kasamba, mwindaji wa viboko. Nimesoma mpaka darasa ya tano, na hiyo ya tano niliisoma mara mbili, kwa hiyo naijua kuliko wenzangu. Sifa za babu nilizisimulia hata bila kuombwa.

Sifa hizo njo zilituponza. Mado, binti wa dada yangu Léonie, alichumbiwa na Néhémie, kijana wa Zongwe. Mahari tulikwisha kupokea, na Mado alikuwa na mimba, siri ya Léonie na mimi. Siku moja mjomba wa Néhémie, Papa Barnabé, alinisikia nikijigamba, akaweka kikombe chini.

"Kasamba wa viboko ni babu yetu sisi. Basi hawa ni ndugu. Ndoa hakuna."

Kwetu ndugu wa damu wakioana ni mwiko. Mtoto wao hapokelewi upande wowote. Léonie aliniangalia.

Tukaenda wote watatu, mimi, Léonie na Barnabé, mpaka Zongwe kwa mtumbwi wa mota, kwa Mama Henriette, bikizee aliyekuwa msichana Kasamba alipokufa.

Mama Henriette alinitazama miguu kwanza. "Kasamba alikuwa na unyayo mupana. Hii ni miguu ya watu wa Kongolo."

"Mama, usinicheke."

"Nakucheka nini? Kasamba aliuawa na kiboko. Desturi inataka mpwa achukue jina la marehemu na bangili yake, alee watoto wake. Wapwa walikuwa wamemalizwa na malale. Akabaki Ngoie, mgeni wa Kongolo, mukata kuni za meli. Muntu mupole, muoga wa maji. Tukamuvalisha bangili, tukamuita Kasamba. Akalea watoto wa marehemu, mmoja wao ni mzazi wa Barnabé. Halafu akahamia Kalemie, akaoa, akamuzaa baba yako."

Nikapumua. "Basi damu si moja."

"Aliyechukua jina ni marehemu mwenyewe," Barnabé akasema. "Babu bado ni mmoja."

"Ni kweli," bikizee akajibu. "Mpaka mwenye bangili airudishe, akane jina mbele ya watu."

Wote wakautazama mkono wangu. Bangili ya shaba niliachiwa na baba, nayo sikuwahi kuivua hata nikioga. Majirani walikwisha kukusanyika mlangoni.

"Kaka," Léonie akasema polepole, "mutoto wangu."

Nikaivuta, ikagoma. Wakaleta mawese, wakanipaka mpaka kwenye vidole. Ilitoka na ngozi kidogo.

"Sema sasa," Barnabé akasema. "Kwa sauti ile ya kujigambia."

"Mimi si wa Kasamba. Babu yangu ni Ngoie, mukata kuni."

"Na viboko?"

"Hakuua hata mmoja."

Barnabé aliipangusa bangili kwa shati lake, taratibu, akaigeuza huku na huku. "Basi Mado ni muke wetu."

Léonie akakaa chini pale pale mchangani, akalia. Mimi nikamuuliza bikizee kama huyo Ngoie, angalau, kuni alizikata vizuri.

"Vibaya," akasema.