Papa Mashinisti Alipopandishwa Garimoshi

Nichekeni taratibu, aibu hii bado ina moto. Hapa Buffalo, Marekani, kanisani wananiita Papa Mashinisti, kwa sababu nilipofika niliwaambia kwamba kule kwetu Kongo, Kalemie, niliendesha garimoshi. Bon, jina lilikuwa tamu, hata marehemu mke wangu alilipenda.

Jumamosi Furaha, mke wa mwanangu, alitupeleka mimi na wanakwaya kutazama garimoshi la mvuke la zamani, lililokuwa likileta watu wa vitongojini kazini mjini. Nikalizunguka, nikaona nyuma halina lile behewa la maji na makaa. Nikapaza sauti: "Hili limeibiwa mkia! Litakunywa nini?"

Furaha akamtafsiria mama mzee anayelitunza. Mama akacheka, akapigapiga matangi mawili ya ubavuni. Kumbe maji limeyabeba lenyewe, ndiyo maana lilienda na kurudi bila kugeuzwa.

Ningenyamaza hapo ningepona. Nikasema, "Donc, mimi nimezoea makubwa."

Furaha akatafsiri na hilo, kisha akanigeukia: "Papa, anasema upande utuonyeshe linavyoondoka."

Kwaya ikashangilia. Nikapanda. Mabomba, vyuma, mishikio, sikujua hata kimoja. Pembeni palikuwa na ufagio. Huo niliujua. Mkono ukaushika wenyewe, nikainama, nikaanza kufagia kutoka pembeni kuja mlangoni, kama zamani.

Kwaya ikasogea mlangoni kuchungulia.

"Papa," Furaha akasema polepole, "kumbe ulikuwa unafagia?"

"Mabehewa ya daraja la kwanza tu," nikajibu.