Kiingereza cha Baba na Jicho la Kushoto

Baba yangu alifundisha Kiingereza katika shule ya msingi kule Paya kwa miaka mingi, na alipostaafu alirudi nyumbani na misemo yote aliyokuwa akiwaandikia watoto ubaoni. Ingekuwa misemo ya kumtia mtu moyo, nisingelalamika. Lakini katika lugha nzima ya Waingereza, yeye aliipenda ile tu inayosema kwamba unachokihangaikia hakitafika popote.

Nilipoacha kushona Tororo nikaenda kuuza mitumba Busia, mpakani, alisema, "That is an uphill task." Kaka yangu alipoomba kazi ya polisi, hiyo ilikuwa a long shot, jambo la bahati ndogo. Marehemu mama alipopanda michungwa nyuma ya nyumba, akaambiwa ni wild goose chase, kumfukuza bata wa mwituni. Mama, ambaye hakumaliza hata darasa la tatu, aliuliza huyo ni bata wa nani, kisha akaendelea kumwagilia. Na siku niliyojaribu kumpatanisha kaka na mkewe, Baba alinipigia simu makusudi kuniambia kwamba I was flogging a dead horse, eti ninamchapa farasi aliyekufa. Jamani, farasi. Mimi nimezaliwa Paya, nimeolewa Kwapa, ninafanya biashara Busia, na farasi nimemwona kwenye kalenda.

Ukimwomba akueleze anamaanisha nini kwa Dhopadhola, lugha yetu ya nyumbani, alikuwa anakohoa na kuuliza kama mvua imenyesha kwenu. Niliamini ni maringo ya mwalimu, na yalinichosha kweli kweli.

Kisha macho yake yakaanza kuharibika. Mwanzoni alilaumu taa, kwamba za siku hizi hazina nguvu. Akaacha gazeti. Akaacha kuuona mwamba wa Tororo, ambao kutoka uani kwetu hata mtoto anauona. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, weupe unaouona ukimtazama tu, na kufikia mwaka wa nne alikuwa ananitambua kwa sauti. Kabla sijasema neno hakujua kama aliyeingia ni mimi au mke wa kaka, anayempikia. Siku moja nilimkuta ana kidonda mkononi kwa sababu alipapasa kikombe akashika birika la moto.

Mwaka jana mteja wangu mmoja, muuguzi wa upande wa Kenya, aliniambia kwamba madaktari wa macho wangekuja kwenye hospitali yao kwa siku tatu, na kwamba orodha ilikuwa inajaa. Nikamwandikisha Baba siku hiyo hiyo. Sikumwuliza, kwa sababu nilijua jibu lake litakuja kwa lugha gani. Kesho yake nilifunga kibanda, nikapanda gari hadi Tororo, kisha boda hadi Paya, nikamkuta ameketi mlangoni amegeuzia uso jua ambalo nadhani alikuwa analihisi tu.

Nikamweleza kila kitu: safari, dawa ya ganzi, kulala hospitali usiku mmoja. Akanisikiliza kwa adabu zote.

"You are clutching at straws," akasema.

Nikamwambia wazee watatu wa Mella walitibiwa hapo hapo na sasa wanatembea wenyewe. Akasema kwa umri wake hiyo ni a losing battle. Nikamwambia nimeshalipa boda ya kurudi. Akaanza kutafuta msemo mwingine, nikamwona anavyoutafuta, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Hapo hasira zangu za miaka yote zikanipanda.

"Baba," nikamwambia, "sema kwa lugha yetu. Niambie kwa Dhopadhola kwamba nikikupeleka hutaona. Ukisema hivyo ninarudi Busia sasa hivi na sitakusumbua tena."

Hapa ni lazima nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi kwa sababu kila mtu analijua. Mzazi hamwambii mtoto anayeanza safari au shughuli kwamba atakosa. Neno la mzazi linashika. Likimponyoka, inabidi achukue maji mdomoni ampulizie mtoto kifuani, aombe lifutike, na hata hivyo watu hubaki na wasiwasi. Nililijua hilo tangu utoto, lakini sikuwahi kulihusisha na farasi wa Baba. Nilimtaka aseme kwa lugha yetu ili aone aibu tu.

Akaugeuza uso kutoka kwenye jua. Nilidhani amekasirika.

"Hilo siwezi kulisema," akaniambia, kwa Dhopadhola. Mimi aliniita mama siku zote, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mama, lugha hiyo inasikika. Kiingereza hapa kwetu nani anakisikia?"

Nikakaa chini. Michungwa, polisi, mitumba, kaka na mkewe. Miaka yote hiyo mtu huyu alikuwa anatuogopea, na woga wake alikuwa anautupa mahali ambapo hautatudhuru. Ningemkumbatia, lakini nilikuwa bado nimemkasirikia sana, kwa sababu angeweza kutuambia. Mama alikufa akiamini kwamba mumewe aliidharau michungwa yake.

Baba akaanza kupapasa chini ya kiti. Alikuwa anatafuta viatu.

Safari yenyewe haikuwa na shida. Tulivuka mpaka kwa miguu kama ninavyovuka kila siku, nimemshika kiwiko, yeye akiuliza kila baada ya hatua kumi kama tumeshafika Kenya. Hospitalini muuguzi mteja wangu alimwekea matone, akamwambia, "Mzee, tulia tu, hii kitu haiumi." Daktari, msichana wa Kikenya ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wake, alimmulika kwa muda. Jicho la kulia, akasema, lilikuwa limekwisha kwa presha ya jicho na halingefanyiwa kitu. La kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho aliyekomaa mno, taa haikupenya, kwa hiyo hakuweza kujua kama nyuma yake kulikuwa na uhai. Kisha, kwa kuwa alishaambiwa mzee ni mwalimu, akageukia Kiingereza.

"Mwalimu, I have to be honest. It's a long shot."

Nilitamani kumziba mdomo. Nimetoka Paya nikipigana na maneno hayo, halafu ninayakuta yamevaa koti jeupe.

Baba alikaa na mikono magotini, mimi nikisubiri aseme turudi nyumbani, kwa maana sasa alikuwa amepata mwenzake. Badala yake aliinua uso kuelekea dirishani, akasema polepole, kwa Dhopadhola, kwa sauti ya mtu anayetaka asikike:

"Nitaona."

Daktari akaniuliza amesema nini. Nikamwambia amekubali. Sikumweleza zaidi. Baba hakuwahi kujiachia namna ile mbele yangu. Kama jicho lingekataa, neno lile lingebaki hewani maisha yake yote, na sikujua kama kuna maji ya kulifuta neno ambalo mtu amejisemea mwenyewe.

Walimfanyia upasuaji mchana huo. Usiku sikulala, nilikaa kwenye benchi nikimlaumu daktari, nikimlaumu muuguzi, nikijilaumu mimi kwa kumlazimisha mzee aseme. Asubuhi daktari akaja, akafungua bendeji, akasafisha jicho, akamwambia afumbue taratibu.

Alifumbua. Machozi yalimtoka, ya dawa nadhani. Daktari akamwuliza anaona vidole vingapi. Akamwuliza tena kwa Kiingereza. Baba hakumtazama hata kidogo. Jicho lile jekundu lilikuwa limenikazia mimi, likishuka kutoka kwenye nywele zangu zenye mvi hadi shingoni, likirudi juu, bila haraka.

"Mama," akasema kwa lugha yetu, "kumbe umezeeka hivi."

Nina miaka hamsini na mbili, na hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri kuliko hilo.