Soma Kwanza, Halafu Futa

Kwetu Gihosha neno la kufuta lilikuwa na sharti lake. Mwalimu alisema "efase", wenzangu "piga gome" hata ubaoni ambako gome, ile raba ya daftari, haifanyi kitu, na siku hizi simu inaniuliza kama nataka kusiprime. Mama alisema futa tu, na kwake futa ilikuja baada ya soma.

Alikuwa anasafisha madarasa. Shule hakusoma, herufi alizipata ubaoni jioni, kitambaa mkononi, mimi nikimsubiri mlangoni na njaa yangu.

"Mama, futa twende!"

"Apana. Bado mustari moja. Hii inasema nini?"

"Ziwa ni refu."

"Kumbe! Basi lala salama, ziwa," akasema, ndipo akapitisha kitambaa.

Mwaka huu alipanda milimani kumuuguza nyanya, nikabaki peke yangu katika chumba tulichopanga Mutanga Nord. Siku aliyoondoka nilikuwa kazini. Niliporudi nilikuta chaki mlangoni, upande wa ndani: Maharagi iko mu sufuria. Kula vizuri. Usiogope. Mama.

Hajawahi kuniandikia kitu kingine. Maharagi niliyamaliza siku ile ile, maandishi nikayatunza miezi. Nilifungua mlango polepole nisiyaguse. Jioni niliyapa habari za kazi, na za duka la vitabu nitakalofungua siku moja, lenye viti vya kukalia bure. Hayakunicheka.

Juzi mama mwenye nyumba akaja. "We, kesho fundi anapaka rangi. Futa hiyo chaki."

"Mama, aache upande wa ndani, tafadhali."

"Aache kwa nini? We unaishi na mulango ao na mutu?"

Nikampigia Mama. Nilitaka aseme niyaache maandishi yake.

"Uliisoma?"

"Kila siku."

"Nisomee, nisikie."

Nikamsomea. Kwenye "Usiogope" nilirudia mara mbili.

"Haya," akasema. "Futa sasa. Mi niko hapa."

Nikaweka simu karibu na mlango, asikie kitambaa chenye maji kikipita.

Asubuhi mbao za mlango zilikuwa zimekauka, na "Kula vizuri" ilikuwa imerudi hafifu, kama chaki inavyofanya. Fundi alishafika uani, anakoroga rangi. Nikaisoma kwa sauti, nikachovya kitambaa tena.