Trauti wa Mwisho wa Royce

Delbert Tackett alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, lakini ukiuliza pale ziwani anafanya kazi gani, ungeambiwa kazi yake ni kutupa mti majini. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, mgongo umeshaanza kumgomea, na bado alirusha siku nzima trauti wa mti, samaki wa kuchongwa awe chambo, mrefu kupita shibiri, mzito wa kumvunja mtu bega. Wavuvi wa chambo cha minyoo walimcheka. Wacheke tu. Huku kusini mwa California, samaki wa besi aliye mkubwa wa kweli hashughuliki na minyoo. Anakula trauti, wale wanaoletwa na lori kila Alhamisi ya majira ya baridi na kumwagwa ziwani pale gatini. Lori likianza kurudi nyuma, besi mzee huko chini ameshajua chakula kimefika, na Delbert naye yuko juu yake na trauti wake wa uongo.

Hao wa uongo alikuwa akiwachonga Royce, kaka yake. Alichonga kwa mwerezi, akapiga msasa, akapuliza rangi humo humo gereji, mlango umefungwa, bila hata kitambaa puani. Mkaidi yule! Sasa mapafu yalikuwa yamekwisha. Kitanda chake kililetwa sebuleni, mtungi wa oksijeni ubavuni, na alichonga trauti wake wa mwisho akiwa amelala chali, mkewe Marlene akikung'uta maranda ya mti kwenye shuka na kulalamika.

"Huyu hatundikwi ukutani," Royce alimwambia mdogo wake siku alipomkabidhi. "Nataka aumwe, Del. Niyaone meno kwenye rangi yake kabla sijaenda. Sikuombi kitu kingine."

Delbert alimpeleka ziwani, akamtia majini, moyo ukamwanguka. Trauti alilala ubavu wa kushoto, akayumba kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Mikono ya Royce ilikuwa imetetemeka. Hapo utaratibu wao ulikuwa unajulikana tangu ujanani: chambo kikilala kinarudi kwa Royce, anakinyoa kidogo, wanakijaribu kwenye beseni la kuogea, wanatukanana, anakinyoa tena mpaka kinyooke. Lakini Delbert hakuweza. Angemwambiaje mtu anayekufa kwamba mkono wake umemwangusha?

Basi akachukua keekee, akatoboa tumbo la yule trauti, akashindilia vipande vya madini ya risasi, akaziba kwa gundi. Trauti akanyooka, akaogelea vizuri ajabu.

Chuy Bermúdez, mkodishaji wa boti, alimwona, akapiga ishara ya msalaba. "Umemtoboa trauti wa Royce? Mungu atakusamehe, bwana. Royce, sidhani."

Hakuwa anatania sana. Royce hakuwahi kutia risasi kwenye mti hata siku moja. Alitaka waelee, ili mshipi ukikatika, samaki akakitikisa chambo na kukitema, mti upande juu na upepo uulete kwenye mawe ya ng'ambo, kule matete yanakorundikana. Hakuna mvuvi pale ambaye hakuwahi kuokota cha mwenzake kule na kukirudisha kwa mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata lori lilimwaga trauti, na Delbert akarusha wa kwake pembeni ya kundi lao. Hakuuvuta mshipi sana. Maji yalifunguka. Aliliona tumbo jeupe, pana kama ndoo, ufito wa kuvulia ukapinda mpaka chini, naye akapiga kelele ambayo Chuy aliisikia gatini. Samaki akaenda moja kwa moja kwenye miti iliyozama. Mshipi ukasaga gogo, ukakatika.

Chuy alikuja mbio na boti. "Twende kwenye mawe! Upepo unavuma huko hu..." Akakumbuka ile risasi, hakumaliza. Delbert alikuwa ameketi kwenye sakafu ya boti yake, analia kama mtoto.

"Kaumwa, kaka," alisema jioni sebuleni.

Uso wa Royce ulipata damu ghafla. "Mkubwa?"

"Sijaona mwingine kama huyo. Kakata mshipi kwenye magogo."

"Si neno! Atamtema tu. Kesho nenda kwenye mawe. Niletee niyaone hayo meno."

"Sawa," akajibu Delbert. Woga ulimshika, akasema sawa.

Kuanzia hapo hakushika rangi wala brashi. Alikokota ndoano kwenye yale magogo mpaka kamba za Chuy zikakatika. Akafikiria kuchukua trauti wa zamani na kumkwaruza kwa tupa ionekane ni meno, akaona ni upuuzi, Royce angemgusa tu na kujua si yule. Kila jioni alileta jibu lile lile: bado.

Marlene alimvuta jikoni. "Del, akiamka tu anauliza upepo umetoka wapi. Dawa ya usingizi hamezi tena. Anasema ukija na trauti usimkute amelala. Anaumia, shemeji. Kama trauti hayupo, mwambie hayupo."

Delbert alirudi sebuleni, akavuta kiti.

"Hatarudi, kaka. Nilimtia risasi."

Royce akamgeukia. "Alikuwa analala?"

"Ndiyo."

"Upande gani?"

"Kushoto."

"Bega," Royce akasema. "Nilihisi nimeliacha nene lile bega la trauti. Nikasema Del akiliona atanirudishia."

"Sikutaka ujue. Nilikuonea huruma, kaka."

"Ungenirudishia, wewe mtoto. Kisu kilikuwa hapa, chini ya mto." Aliutoa mkono kwenye blanketi, akajaribu kufumba ngumi. Vidole vilisogea kidogo, vikaishia hapo. "Siku zile mkono huu ulikuwa bado unashika."

Akaurudisha mkono kwenye blanketi, akageukia ukutani. Usiku huo aliomba dawa ya usingizi.

Asubuhi Chuy aliona mtu kwenye mawe ya ng'ambo. Hakuwa na ufito wala boti. Alikuwa akiinama, akifunua matete, akipekua vijiti na takataka, kisha anahamia jiwe jingine.

"Del!" Chuy akaita. "Unatafuta nini huko? Risasi haielei, bwana!"

Delbert alimsikia vizuri. Akapangusa mikono kwenye suruali, akainama tena.