Kosa Moja Kila Jumamosi

Jumatatu asubuhi mama mwenye mgahawa wa Ilomba alinipigia simu akasema, "Mwandishi, yule mzee wako wa mafumbo hatunaye tena." Nikamwambia amekosea, kwa sababu Jumamosi tulikuwa wote pale kwake hadi saa saba mchana na mzee alikula chapati mbili. Kisha akasema kwa upole kwamba mzee alianguka Jumapili, akijiandaa kwenda kanisani. Sentensi hiyo nimeiandika mara nne na kuifuta mara tatu. Bado naiona kama habari ya mtu mwingine.

Wasomaji wa safu hii mnajua kwamba fumbo la maneno la ukurasa wa mwisho nalitunga mimi. Msichojua ni kwamba nilikuwa na mhakiki. Alikuwa karani mstaafu wa stesheni ya reli hapa Mbeya, aliyefiwa na mke, asiye na mtoto, na kila Jumamosi alilijaza fumbo langu mbele yangu kwa kalamu ya wino, akitaja kila jibu kwa sauti kabla ya kuliandika. Akimaliza, hukumu ilianza. "Nne mlalo nzuri. Tisa wima ni ya uvivu, mwanangu, ulikuwa na usingizi." Siku moja nilimletea fumbo nililojivunia kwamba hakuna atakayeliweza. Aliliweza, ila hakufurahi. "Unaficha ili usipatikane," aliniambia. "Mtu akilipata jibu lako anatakiwa acheke, si atukane." Nilinuna wiki nzima. Tangu siku hiyo, hata riwaya zangu naziandika nikimwona amekaa upande wa pili wa meza.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwa kalamu alijaza mlalo tu; majibu ya wima aliyataja bila kuyaandika. Wima ilikuwa ya dada yake anayeishi Mlandege, Iringa. Akishajaza, alilikunja gazeti na kumpa kondakta wa basi, na Jumanne lilirudi na wima imejazwa. Hiyo tu ndiyo iliyobaki kati yao. Mama yao alipofariki, mzee alimzika hapa Mbeya, na dada aliyetaka mama arudishwe Iringa aliondoka msibani akisema amezikiwa mzazi ugenini. Ilipita miaka tisa. Simu zao zote mbili zilikuwa hewani, na hakuna aliyempigia mwenzake.

Mwanzoni nilidhani mzee anaanza kusahau. Wiki moja niliandika, "Popote alalapo yuko kwake, herufi nne." Alitaja jibu papo hapo: kobe. Lakini gazeti lilipokuwa linakunjwa niliona ameandika kasa, yule kobe wa baharini. Wiki iliyofuata likaingia kosa jingine, na nyingine vilevile, kila gazeti na kosa lake moja. Sikusema kitu, nilimwonea huruma. Lile gazeti la kasa liliporudi Jumanne yake, nilikuwepo mgahawani; pembeni palikuwa na maneno ya dada: "Kasa atoke wapi Iringa? Ni kobe. Soma vizuri, kaka." Mzee alicheka mpaka akavua miwani, akaukata ule ukingo wa gazeti na kuutia mfuko wa shati. Nilidhani anaficha aibu.

Msibani Ilomba wazee wa ukoo hawakuthubutu kuchimba kaburi kabla ya dada kufika. Ndugu wa tumbo moja alibaki yeye tu, na kila mtu aliogopa kwamba sasa atalipiza: atampeleka kaka yake akazikwe Iringa, amwache mama yao peke yake huku. Alifika Jumanne mchana, akaketi mkekani bila kulia. Baba yao mdogo alinipa gazeti walilolikuta kwenye koti la marehemu, nami nikampelekea. Alivaa miwani, akaomba kalamu, akaanza kujaza wima palepale, watu wakitazamana. Alipomaliza alirudia mlalo, jibu moja moja, kwa kidole.

"Kosa liko wapi?" akaniuliza.

"Kosa gani, shangazi?"

"Kila wiki ananiwekea moja. Unadhani kaka yangu, aliyenifundisha kusoma, hamjui kobe?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu wiki ya kwanza. Alitaka nimgombeze. Basi nikawa namgombeza." Akalipitia gazeti tena. "Hili halina."

Ndipo nilipomweleza jambo ambalo Jumamosi sikulipa uzito. Kondakta alipokuja, mzee hakumpa gazeti. Alisema, "Hili napeleka mwenyewe. Jumatatu nakwenda Iringa." Mimi nilikuwa na haraka ya kusikia maoni yake juu ya tisa wima, hata sikumuuliza anafuata nini.

Dada alilikunja gazeti kama alivyozoea kulikunja kaka yake. Baba mdogo alikuja akachutama mbele yake. "Mwanetu, tunakusikiliza wewe. Tuchimbe wapi?"

"Pembeni ya mama," akasema. "Na muache nafasi."

"Nafasi ya nani?"

"Yangu."

Kazi yangu ni kuficha majibu, na kwa muda mrefu niliamini kuficha ni ufundi hata kati ya watu. Sasa nimewaona wawili waliopendana wakizungumza kwa viboksi miaka tisa, wote wakijua, na siku mmoja alipoamua kusema wazi alikuwa amebakiwa na usiku mmoja tu. Fumbo la wiki hii liko ukurasa wa mwisho kama kawaida. Kama kuna mtu unayemzunguka hivyo, mpigie kwanza. Fumbo litasubiri.