Lane ya Shangazi Netta

"Shangazi Netta, hiyo lane yako iko wapi?"

Nilikuwa darasa la pili. Shangazi Netta, jirani yetu wa ghorofa ya juu kabisa, alikuwa amemwambia mama kwamba tangu kaka yake azikwe anaishi "my lane". Lane niliyoijua mimi ilikuwa kichochoro cha nyuma ya kiwanda cha sweta, basi nikataka kwenda kucheza kwenye ya kwake. Alinitazama tu, akasema amechoka, akapanda ngazi.

Mama ndiye aliyenieleza. Hapa Hawick, mji wetu wa kusini mwa Uskoti, wazee hawasemi "alone" kama Waingereza. Husema "my lane", "your lane", "her lane", vile mtu anavyosema peke yangu, peke yako, peke yake. Baadaye mwalimu akatuchambulia shuleni: "alone" ni maneno mawili yaliyogandana, "all" na "one", yaani mmoja kabisa. Huku Uskoti tulitamka "alane". Watu wakasema "me alane" harakaharaka hadi mwanzo wake ukamezwa, ikabaki "my lane". Nililipenda hilo kupita kiasi. Waingereza ni wapweke hivihivi tu. Kwetu upweke una mwenyewe.

Wa Shangazi Netta ulikuwa na ngazi nyingi. Kutwa aliunga kola za sweta kiwandani, kitanzi kwa kitanzi, macho yakimtoka machozi. Jioni alipandisha makaa, ndoo mkono mmoja, mwingine ukishika ukuta. Mama akimwambia aje ale supu nasi, jibu lilikuwa lilelile: leo hapana Jean, miguu imegoma. Akiulizwa kama anaweza kubaki huko juu, alisema anaweza. Tukaamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Februari hii, mimi nikiwa mtu mzima, alianguka kwenye ngazi hizo akavunjika nyonga. Nilikuwa kando ya kitanda chake hospitalini daktari alipokuja kumruhusu. Kijana wa London, mpole, mwenye haraka. Akamuuliza nyumbani anakaa na nani.

"I bide my lane," akasema Shangazi.

Daktari akatabasamu. Vizuri sana, akasema, kwenye vichochoro hivi majirani hawakosi. Gari litampeleka mchana huu. Shangazi akafumba macho. Hakubisha. Sidhani alikuwa na nguvu ya kubisha.

"Si kichochoro," nikamwambia daktari. "Ana maana anaishi peke yake. Juu kabisa, hakuna lifti."

Uso ukamwiva. Akavuta kiti, akaanza upya, polepole. Kuna nyumba ya wazee karibu na mto, ina chumba cha chini kilicho wazi, mpishi, na watu wa kuongea nao. Lakini hakipewi mtu asiyekitaka. Lazima atamke mwenyewe. Au angependa kurudi kwake?

Nilijua atasema anaweza. Nilikwisha kuanza kumtafutia viatu.

Shangazi akaninyooshea kidevu. "Unamwona huyu? Alitaka kwenda kucheza kwenye lane yangu."

Daktari hakujua acheke au asicheke. Shangazi akanigeukia.

"Uliniuliza iko wapi. Ni zile ngazi, mwanangu. Nimezichoka. Mwambie anipe hicho chumba."